Mzee Akishasema, Nani Anajibu?

Tarehe 5 Novemba 1985, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa anang'atuka, aliwaaga Watanzania kwa kuzungumza na wazee wa Dar es Salaam. Mei 2010, wafanyakazi walipotangaza mgomo, Rais Jakaya Kikwete aliwaita wazee wa jiji hilohilo akawaeleza msimamo wa serikali. Mei 2021, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais Samia Suluhu Hassan naye alikutana nao Mlimani City. Ni desturi yenye heshima yake: kiongozi akiwa na neno zito, hulipeleka kwanza mbele ya wenye mvi. Naipenda desturi hiyo. Lakini ukitazama mpangilio wake, mzee pale ni msikilizaji. Itasomwa risala kwa niaba yake, atapiga makofi, ataliombea taifa dua, na kesho yake magazeti yataandika alichosema Rais. Walichosema wazee, kikitajwa, kitatajwa kwenye aya ya mwisho.

Nimeanzia ukumbini kwa sababu mfano huo umeshuka hadi kwenye kata na kijiji. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Wazee Duniani. Siku hiyo maturubai hufungwa, wazee hupangwa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi, mgeni rasmi hufika jua likiwa limepanda, ngoma huchezwa, risala husomwa, kila mzee hupewa kilo mbili za sukari au kipande cha kanga, na watu hutawanyika. Ndani ya risala ile mna mambo ya kweli: dawa, nauli, pensheni, mirathi. Mgeni rasmi huipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi msaidizi wake. Baada ya hapo ni nadra kukuta mahali palipoorodheshwa yaliyosemwa, ofisi iliyopewa jukumu la kuyajibu na tarehe ya kurudisha jibu. Kwa maoni yangu huduma za wazee zinakwama hapo. Wazee wetu wanasema, tena wanasema sana. Anayekosekana ni mtu anayelazimika kuwajibu.

Idadi yao si ndogo. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, yaani asilimia 5.6 ya wananchi wote. Kenya ilipata kama milioni 2.7 katika sensa ya 2019. Wengi wa watu hao wameishi kwa jembe, kwa wavu, kwa genge la sokoni. Hawakuwahi kuajiriwa, kwa hiyo habari za kustaafu haziwahusu na mifuko ya pensheni haiwajui. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, ikaahidi matunzo, matibabu na ushirikishwaji. Neno hilo la mwisho ndilo lililopata bahati mbaya zaidi. Limegeuka kuwa mahudhurio: wazee wangapi walikuja, wanawake wangapi, wanaume wangapi, picha ya pamoja.

Chukua dirisha la wazee. Tanzania Bara iliamua kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya umma. Vituo vingi vimetenga dirisha au chumba maalumu na kubandika tangazo la kuwaomba wagonjwa wengine wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Ni hatua njema, kwani foleni ya saa nne kwa mtu mwenye magoti mabovu ni adhabu. Lakini mkalishe bibi aliyepitia dirisha hilo akusimulie safari nzima tangu alipoamka. Atakwambia nauli ya bodaboda aliikopa. Atakwambia daktari alimwona upesi, akaandikiwa dawa tatu, akapata moja, na hizo mbili akaambiwa akanunue duka la dawa nje ya geti. Moja ya hizo mbili ni ya presha, ambayo anatakiwa kuimeza kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Atakwambia choo cha kituo ni cha kuchuchumaa, hakina pa kushika, kwa hiyo siku ya kliniki hanywi maji tangu alfajiri.

Dirisha lilijibu swali la foleni, na foleni ndiyo kero inayoonekana na mtu aliyekaa upande wa pili wa dirisha. Muuguzi anaiona kila asubuhi. Nauli haioni, kwa kuwa aliyekosa nauli hakufika. Dawa iliyokosekana anaiona kidogo tu, maana akishaandika cheti mgonjwa ameondoka. Kiu ya yule bibi haioni kabisa. Huduma ikipangwa kwa macho ya anayeitoa, itarekebisha vizuri kile kipande kidogo kinachopita mbele yake, na takwimu zitaonyesha kwamba muda wa kusubiri umepungua. Zitakuwa sahihi, na bibi hatarudi mwezi ujao.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu miji inayowafaa wazee. Uzito wake, kwangu, uko katika namna ulivyopatikana. Watafiti waliwakusanya wazee 1,485 kwenye vikundi vidogo katika miji 33 ya nchi mbalimbali, Nairobi ikiwamo, wakawauliza kuna nini katika mji wao kinachowarahisishia maisha na kuna nini kinachowazuia. Wazee hawakuanza na hospitali. Walitaja njia za miguu zilizovunjika, kukosekana kwa mabenchi ya kupumzikia, vyoo vya umma, ngazi za basi zilizo juu mno, madereva wanaoondoa gari kabla abiria hajakaa, na matangazo yaliyoandikwa kwa herufi zisizosomeka. Yeyote aliyewahi kumsindikiza mama yake kupanda daladala pale Mbagala anaijua orodha hiyo bila kuisoma. Konda anagonga bodi, gari linaondoka, na mama bado ameshika mlango.

Jambo kubwa katika majibu hayo ni kwamba maisha ya mzee hayajagawanyika kiwizara. Kwake, kwenda kliniki ni nauli, na barabara, na choo, na dawa, na mjukuu wa kumsindikiza ambaye siku hiyo hataenda shule. Kwa serikali hayo ni mambo ya ofisi tano. Tanzania Bara, masuala ya wazee yalikuwa chini ya wizara inayoshughulikia afya hadi Januari 2022, ilipoundwa upya wizara ya maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalumu, nayo ikayachukua. Matibabu yakabaki afya. Zahanati na mabaraza ya wazee yako chini ya halmashauri, ambazo msimamizi wake ni TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nauli ni suala la mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kila ofisi ikimsikiliza mzee, inasikia sehemu ya alichosema, na kwa yaliyobaki inamwelekeza kwa jirani. Silaumu kuwepo kwa wizara nyingi; nchi haiwezi kuendeshwa na ofisi moja. Ninachosema ni kwamba malalamiko ya mzee yanahitaji mwenyewe, mtu mmoja pale halmashauri anayeyabeba mpaka yafike kila mlango unaohusika, kisha arudi kumwambia mzee yamefika wapi. Afisa ustawi wa jamii ndiye angefaa, na mara nyingi ni mmoja kwa kata kadhaa, asiye hata na pikipiki.

Lakini kabla ya jibu kuna swali, na hapo nako tunakosea. Mzee wa Kiafrika aliyelelewa vizuri hamlaumu mgeni aliyemtembelea. Ukimwuliza mbele ya mwenyekiti wa mtaa, "Bibi, unaridhika na huduma?" atasema, "Tunashukuru, mwanangu." Ukiandika kwenye fomu kwamba ameridhika, umeandika adabu yake. Sijui ni ripoti ngapi zimejaa adabu za bibi zetu zikahesabiwa kuwa ubora wa huduma. Swali lenye tija huuliza kilichotokea: mara ya mwisho ulipougua ulifanya nini? Ulipanda nini, ulilipa shilingi ngapi, ulirudi na dawa zipi, zilipoisha ulifanyaje? Hapo hamlaumu mtu, anasimulia tu, na ndani ya masimulizi mna kila kitu ambacho mpangaji wa huduma anakihitaji. Tena aulizwe kwa lugha anayoiota. Kikongwe wa Magu au wa Muleba aliyeishi miaka 80 kwa Kisukuma au Kihaya atakujibu maneno mawili ya Kiswahili kwa heshima, akanyamaza, nawe utadhani hana la kusema.

Huko Magu, mkoani Mwanza, kusikiliza kuliwahi kuwa suala la uhai. Kwa miaka mingi Usukumani vikongwe, hasa wanawake wajane, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, macho mekundu yakishikwa kuwa ushahidi. Kwa mtu wa mbali, dawa ni moja: polisi na mahakama. Zote mbili zinahitajika. Shirika la pale wilayani, MAPERECE, likishirikiana na shirika la kimataifa la wazee la HelpAge, lilikaa na wanavijiji, likawasikiliza wale wajane wenyewe. Mambo mawili yakajitokeza ambayo hayakuwa kwenye jalada la polisi. Macho mekundu yalitokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia miaka yote ndani ya vijumba visivyo na pa kutokea moshi. Na nyuma ya tuhuma nyingi kulikuwa na shamba: mume amefariki, mjane amebaki kwenye ardhi, na kuna ndugu anayeitaka. Kwa hiyo kazi ikaelekezwa kwenye majiko yanayopunguza moshi, wasaidizi wa kisheria waliotoka miongoni mwa wanakijiji, mazungumzo ya kijiji kizima, nyimbo na ngoma. Ukiyatazama hayo kutoka mezani huwezi kuona jiko linahusianaje na mauaji. Ukimsikiliza mjane, unaona. Mauaji hayajakoma kabisa katika nchi hii, na ningekuwa mwongo kusema mradi mmoja uliyamaliza. Ila hakuna kazi nyingine ninayoijua ambamo maneno ya vikongwe yalibadilisha kiasi hicho hata maana ya tatizo lenyewe.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya Ziwa Victoria, Nshamba, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na miaka 20 baadaye vijiji vilikuwa vimejaa bibi na babu wanaolea wajukuu bila kizazi cha katikati. Misaada ilikuwa inafika, mingi ikiwa ya yatima: sare, madaftari, chakula cha shule. Mwaka 2003 Mswisi aitwaye Kurt Madörin alianzisha pale mpango wa Kwa Wazee, uliokuja na jambo lililoonekana la ajabu wakati huo. Bibi alipewa fedha taslimu kila mwezi, kidogo, lakini bila kukosa, na bila kuambiwa azitumie kwa nini. Mwaka 2008 ulitoka utafiti uliowauliza wazee na wajukuu wao fedha zilifanya nini, na watafiti wakaupa jina kutokana na majibu: chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Nakaa sana kwenye jina hilo. Mpangaji gani wa misaada angeandika chumvi kwenye bajeti? Haionekani kuwa hitaji. Lakini chumvi ndicho kitu ambacho mwanamke wa kijijini asiye na shilingi huenda kukiomba kwa jirani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka anaanza kuogopa kupita kwenye uwanja wa watu. Mwenye chumvi yake anaingia kwenye kikundi, kwenye msiba, kwenye harusi, kichwa juu. Sabuni nayo ni hivyohivyo: mzee mwenye nguo safi anakwenda kanisani na zahanati, mwenye nguo chafu anajificha, na akijificha hakuna huduma itakayomkuta. Na viatu vya shule vinaonyesha jambo ambalo hofu ya wafadhili ililificha: mzee ukimpa fedha anawapa watoto. Mpango huo ulikuwa pia na vikundi vya wazee wanaokutana, wakajuliana hali, wakajua nani hakuja mwezi huu na kwa nini. Kikundi cha namna hiyo kinasikia habari za mzee aliyeanguka kabla ya ofisi yoyote.

Zanzibar ilikwenda mbele zaidi kwa upana. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza Pencheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, kwa fedha za bajeti yake yenyewe, bila kumpima mtu umaskini wake. Kiwango kikaja kupandishwa hadi 50,000 chini ya Rais Hussein Mwinyi. Wazee wenyewe, kupitia jumuiya yao ya JUWAZA, walikuwa wamelidai jambo hilo. Kutompima mtu umaskini ndiko kulikoubeba mpango ule. Bara, ambako hakuna pensheni ya wazee wote, mzee maskini huingia TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya yake kuchaguliwa, na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kuchagua kaya maskini anajua maneno yanayobaki kijijini baada ya mkutano: kwa nini yule, kwa nini si mimi. Kwa umri hakuna ugomvi wa namna hiyo. Ugomvi unabaki kwenye karatasi, kwa sababu watu wa umri huo wengi wao walizaliwa bila cheti na wanaijua miaka yao kwa njaa, mafuriko na mapinduzi.

Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa kupanua Inua Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Katiba yake ya 2010, ibara ya 57, inataja wazi haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Hata hivyo malipo yamekuwa yakichelewa kwa miezi, na teknolojia ya alama za vidole imewatesa wengi. Mtu aliyelima miaka 50 vidole vyake vimelika. Mashine inamkataa, na karani anamwambia arudi kesho. Hili lingejulikana mapema sana kama wazee kumi wa Makueni wangeketishwa mbele ya mashine ile kabla haijanunuliwa.

Uganda ina somo la aina nyingine, nalo linanihuzunisha. Kwa mfumo wa uwakilishi, imewazidi majirani wote: sheria ya 2013 iliunda baraza la taifa la wazee lenye mabaraza hadi ngazi za chini, na katika bunge lililoanza mwaka 2021 wazee walipata viti vitano vyao. Ilikuwa pia imeanza mwaka 2011 mpango wa ruzuku wa SAGE, shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, kwa watu wa miaka 65 na zaidi katika wilaya za majaribio, na 60 kule Karamoja. Mpango ulipoenezwa nchi nzima, umri kwa wapya ukapandishwa hadi 80. Sababu ilikuwa fedha. Naelewa sababu. Lakini mtu yeyote wa miaka 70 angekwambia maana ya uamuzi ule: ruzuku imewekwa mahali ambapo wengi hawatafika. Viti bungeni havitoshi kama uamuzi wa umri unafanyika kwenye jedwali la hazina.

Nirudi kwenye mabaraza yetu ya Bara, kwa sababu muundo upo tayari, kuanzia kijiji na mtaa hadi taifa, na sitaki kuudharau. Kuna mahali yanafanya kazi nzuri, mwenyekiti anaingia kwenye kamati ya zahanati na kuuliza dawa ziko wapi. Tatizo lake la kwanza ni fungu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wazee kama wazee hawamo kwenye mgawo huo. Baraza lisilo na fungu linaitishwa mwenye fedha anapotaka, na ajenda inakuwa ya mwenye fedha.

La pili ni nani anaketi pale. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, mwanajeshi wa zamani, katibu tarafa wa enzi hizo, wanaume wenye sauti na wanaojua kuandika muhtasari. Wanastahili heshima, na bila wao baraza lingekufa. Lakini wao ndio ambao huduma inawafikia hata bila baraza. Mzee anayehitajika zaidi ndani ya chumba hicho hawezi kuja. Ni mjane aliyelala kitandani tangu apate kiharusi. Ni babu anayesahau, ambaye familia inamfungia ndani kwa aibu au kwa kuogopa atapotea. Ni bikizee anayeishi kwa mwanawe, ambaye fedha zake za TASAF zinaingia kwenye simu ya mjukuu, naye hathubutu kuuliza ni shilingi ngapi. Huyu wa mwisho ukimwuliza mbele ya familia hatasema lolote. Anahitaji mtu wa kukaa naye peke yake, zaidi ya mara moja, bila haraka. Wale watafiti wa Shirika la Afya Duniani walilijua hili. Pale mzee alipokuwa hawezi kufika, walikaa na wanaomtunza. Ni afadhali kuliko kimya, ingawa mtunzaji naye ana yake ya kuficha.

Na kuna kizuizi cha wazi kabisa ambacho hatukizungumzii. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya asilimia 65 ya watu waliopita miaka 60 wamepungukiwa usikivu kwa kiwango fulani. Tunawaita kwenye kikao chini ya mwembe, spika inakoroma, pikipiki zinapita, afisa anasoma haraka kutoka kwenye karatasi. Wengi wao wanaitikia kwa kichwa jambo ambalo hawakulisikia. Kikundi cha watu wanane, wamekaa duara, baada ya alasiri jua limepungua makali, anayeongea akitazamwa usoni, kinagharimu chini ya turubai moja. Watoto wetu wangesomeshwa namna hii ya kuongea na bibi zao, lingekuwa jambo la maana kuliko maonyesho mengi ya Oktoba.

Mwaka 2002, Mkutano wa Madrid juu ya uzee ulipopitisha mpango wake wa utekelezaji, HelpAge ilianzisha katika nchi tano, zikiwamo Tanzania na Kenya, utaratibu wa wazee kufuatilia wenyewe huduma zao. Wazee waliochaguliwa na wenzao walifundishwa kuandika: nani alikwenda kituo cha afya, alitozwa kiasi gani, alipata nini. Daftari likapelekwa wilayani. Ninaupenda utaratibu huo kuliko kura yoyote ya maoni, kwa sababu daftari halina adabu ya mgeni. Mganga mkuu akiambiwa wazee hawapati dawa, atasema atafuatilia. Akionyeshwa kurasa za miezi mitatu zenye tarehe, aina ya dawa na bei iliyolipwa nje ya geti, analazimika kusema kitu. Miradi iliisha kama miradi inavyoisha. Daftari lenyewe halihitaji mfadhili. Linahitaji mzee mwenye miwani na ofisi iliyoamriwa kulipokea.

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee Januari 2016, ikaanza kutumika Novemba 2024. Ni chombo kizuri cha kuwadai viongozi. Lakini jibu analolisubiri yule bibi wa dawa ya presha halitatoka Addis Ababa. Litatoka kwa mtu anayeweza kufika nyumbani kwake kwa miguu. Na mtu huyo sasa yupo. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mnamo Septemba 2023. Tanzania ikazindua mpango wake Januari 2024, wenye lengo la wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Kwa miaka mingi watu wa kazi hii wamekwenda nyumba kwa nyumba wakimwulizia hasa mama mjamzito na mtoto mchanga, na wameokoa maisha mengi kwa maswali machache yanayorudiwa kila ziara. Bibi yuko kwenye nyumba hiyohiyo, mara nyingi ndiye aliyewakaribisha na kuwapa kigoda. Kwenye fomu yao yangeongezwa maswali yake matatu: dawa zako zimebaki ngapi, mara ya mwisho ulitoka nje ya uwanja huu lini, na fedha zako anazishika nani. Majibu yasomwe kila mwezi mbele ya kamati ya zahanati, baraza la wazee likiwepo, na kikao kinachofuata kianze kwa mganga mfawidhi kueleza, jina kwa jina, kilichofanyika.